Abdus Salam na Fizikia ya Nchi Maskini: Uhakiki wa Kitabu Chake

Miongoni mwa wanafunzi wa siasa imo fikra moja iliyokaa muda mrefu bila kupingwa. Nayo ni kwamba kijana wa nchi maskini anayekwenda Chuo Kikuu kusoma fizikia ya nadharia na hisabati tupu amejitenga na umma. Akisoma kilimo, huyo ni mwenzetu. Akisoma milinganyo, huyo ana kasumba. Fikra hiyo ni potofu. Kada anayeishikilia asome kitabu cha Abdus Salam, Ideals and Realities, kilichotolewa mwaka 1984. Lakini kitabu hicho nacho kina kasoro ya msingi, na hatuna budi kuieleza.

Tuanze na pale mwandishi alipo sahihi. Anasisitiza kuwa teknolojia haiwezi kuhamishwa bila sayansi inayoizaa. Maxwell alipoandika milinganyo yake ya umeme na sumaku, katika miaka ya 1860, hakuwa anatengeneza redio. Ilipita miaka ishirini na ushei ndipo Hertz akathibitisha mawimbi hayo kwa vitendo, na redio ikafuata. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wanavijiji wa Tanzania walikaa vikundi vikundi wakasikiliza masomo redioni, kisha wakachimba vyoo. Kiongozi wa kikundi alikuwa anatumia matunda ya hisabati tupu, apende asipende. Je, hiyo ni anasa ya mabwanyenye?

Salam alikuwa na haki ya kulizungumza jambo hili. Alirudi Lahore mwaka 1951 kutoka Cambridge, akiwa mwanafizikia aliyeiva. Chuoni hakupata mwenzake wa kujadiliana naye. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliambiwa achague kazi ya ziada, akachukua kusimamia timu ya mpira! Mwaka 1954 akaondoka. Kutokana na machungu hayo alianzisha, mwaka 1964, Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia mjini Trieste, Italia, ili msomi wa nchi maskini aende huko kwa miezi michache, anoe ubongo, kisha arudi kwao kufundisha badala ya kuhama kabisa. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Glashow na Weinberg, kwa nadharia inayounganisha nguvu ya sumaku-umeme na nguvu dhaifu ya ndani ya atomu.

Sasa kasoro. Salam anautazama upweke wa msomi kama ugonjwa wa mtu mmoja mmoja, na dawa yake humtibu mmoja mmoja. Profesa anaruka kwenda Trieste. Wanafunzi wake wanabaki na ubao uleule na maktaba ileile. Tena maswali anayokwenda kuyashughulikia yamekwisha kupangwa na wakubwa wa Kaskazini. Huku ni kujitegemea kwa namna gani?

Pili, anawaelekea mno watawala. Anaziomba serikali, anawaomba matajiri wa nchi za mafuta, kana kwamba upungufu wao ni kutojua tu. Maisha yake mwenyewe yanampinga. Alikuwa mshauri wa sayansi wa Rais wa Pakistani tangu 1961, na aliacha kazi hiyo mwaka 1974, Bunge la nchi yake lilipotangaza kuwa Waahmadiyya, jamaa zake wa imani, si Waislamu. Ushauri wa miaka kumi na mitatu haukuwa na mizizi katika umma ya kuulinda.

Tatu, mwalimu wa hisabati wa shule ya kawaida hapewi uzito unaomstahili. Kwetu Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya Serikali hujifunza hesabu kwa Kiswahili, akifika sekondari anazikuta kwa Kiingereza. (Wengi husema hawana akili ya hesabu, kumbe wameshindwa lugha.) Mwanafizikia huzaliwa au hupotea hapo, kabla hajaisikia Trieste.

Hata hivyo tusimdhulumu. Alikuwa mjumbe wa Tume ya Kusini chini ya Mwalimu Nyerere, 1987 hadi 1990, na mwaka 2018, miaka 22 baada ya kifo chake, taasisi mshirika wa kituo chake ilifunguliwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Safari imefupika. Kutoka Ngara hadi huko si mbali, ila bado mtoto wa Ngara anahitaji mwalimu wa kumfikisha mlangoni.