Uchungu wa Mululusia

Akitengeneza dawa ya mululusia, Kukhu, bibi yetu, haanzi na moto. Anaanza na kichaka chenyewe, pembeni mwa boma, kabla umande haujakauka, akipindua jani moja moja atazame kama wadudu wameligusa. Hapa Kimilili mululusia umejaa: kwenye nyua, kwenye mipaka ya mahindi, kando ya njia zinazopanda kuelekea Mlima Elgon. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini mvua zikianza, linashika. Nadhani ndiyo maana wengi hawauthamini.

Machanga ya kileleni huyaacha, na yaliyokakamaa huyaacha pia. Anachuma ya katikati, akikata kwa kucha ili tawi lisichanike. Kisha anaonja: kipande kidogo ulimini, macho amefumba. Uchungu wa kiangazi si uchungu wa masika, anasema, na anayehesabu majani bila kuonja hajui anamnywesha mtu nini.

Anayafikicha kwenye maji baridi, povu la kijani linapanda kama la sabuni. Nigeria, ambako Wayoruba huyaita ewuro na Waigbo onugbu, majani haya hufikichwa na kusuuzwa tena na tena hadi uchungu upungue, yapikwe supu. Kukhu husuuza mara moja tu. Anamwaga povu, ananusa vidole vyake, na hapo anajua. Maji yakitokota anaepua sufuria, anatia majani, anafunika. Hayachemshi kamwe.

Kila nikimtazama namkumbuka Chausiku. Huyo alikuwa sokwe jike wa milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1987 alikuwa mgonjwa, na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za kwao, alikuwa akimfuatilia pamoja na mtafiti Michael Huffman. Walimwona akivunja tawi la mmea huu huu, akaondoa majani, akamenya ganda, akatafuna kiini na kunyonya maji yake. Kesho yake alikuwa na nafuu. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba majani na ganda vina sumu zaidi ya kiini. Watongwe nao huutumia mmea huo kwa maumivu ya tumbo.

Sehemu gani, kiasi gani: hiyo ndiyo kazi yote. Kwa hiyo Kukhu hampi mwanamke mjamzito hata tone, hata akimbembeleza. Mtoto mwenye homa anamrudisha mlangoni: mpelekeni kwanza akapimwe malaria. Sijamwona akiona haya kusema hivyo, na kwangu mimi ni sehemu ya ufundi wake sawa na vile vidole.

Mwenye tumbo linalosokota anapewa nusu kikombe, vuguvugu, bila sukari. Kipande cha muwa kimeshamenywa, kiko kwenye sahani karibu na mkono wake. Hakigusi mpaka Kukhu, aliyeketi akimtazama koo, aone kwamba uchungu umeshuka.