Rimoti ya Kufundishwa: Mwongozo wa Mnunuzi wa Eastlands

Pita soko la Mutindwa kule Umoja, au vibanda vya spea za umeme vya Kayole na Kariobangi, utaona rimoti zimetundikwa kwa mafungu. Kwa sura zinafanana mno. Mnunuzi wa haraka huchagua yenye vitufe vingi, na hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu rimoti nzuri hujulikana kwa kidole na kwa kumbukumbu yake.

Tangu matangazo ya analojia yazimwe Nairobi mwaka 2015, nyumba nyingi huku zimekuwa na rimoti ya televisheni, ya king'amuzi na ya sabufa. Moja ikikanyagwa au kumwagiwa chai, kuna njia tatu. Kama televisheni yako ni Samsung, LG au Sony, nunua rimoti iliyotengenezewa chapa hiyo peke yake. Ishara zake zimo ndani tayari; unatia betri na kazi imeisha. Ya pili ni ile inayokuja na karatasi ya namba: unatafuta chapa yako, unaingiza tarakimu zake, unajaribu. Inafaa kwa chapa kubwa. Lakini sebule za Eastlands zimejaa chapa ambazo karatasi hiyo haizitaji kabisa, hasa sabufa. Kwa hiyo mimi nasimama na ya tatu, rimoti ya kufundishwa, kama zile za Chunghop. Hii haihitaji kujua chapa. Inanakili ishara kutoka kwa rimoti ya zamani, kitufe kwa kitufe.

Ukiishika dukani, bonyeza kila kitufe pembeni, si katikati tu. Mpira mzuri hurudi upesi na hauzami. Fungua mlango wa betri uangalie springi: ziwe ngumu, zisiwe na kutu wala unga mweupe. Kisha tia betri, elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze. Utaona taa ya rangi ya zambarau hafifu ambayo jicho haliioni. Kamera ya nyuma mara nyingi huichuja, usihukumu kwa hiyo. Taa ikiwaka, umejua tu kwamba mwanga unatoka. Nguvu yake ipime, ikishafundishwa, kwa kurudi hatua kadhaa nyuma na kuelekeza rimoti ukutani badala ya kwenye televisheni ya fundi wa kibanda. Ishara yenye nguvu hudunda ukutani na bado televisheni ikaipokea.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha kumbukumbu. Ifundishe kitufe kimoja, toa betri, bonyeza vitufe mara kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe, ngoja dakika tano, urudishe betri. Ikiwa imesahau, irudishe kwenye msumari wake. Rimoti ya namna hiyo itakulazimisha uanze upya kila betri zikiisha.

Kufundisha kwenyewe kunataka utulivu. Tia betri mpya kwenye rimoti zote mbili, zilaze mezani zikitazamana, nafasi ya vidole viwili kati yao, mbali na jua na taa ya kuokoa umeme. Shikilia kitufe cha kufundishia hadi taa itulie, gusa kitufe unachotaka kijazwe, kisha bonyeza kwa ufupi kitufe hicho kwenye rimoti ya zamani. Taa ikipepesa, imeshika. Anza na kuwasha, sauti, menyu, mishale na OK. Bila menyu hutaweza kutafuta stesheni.

Halafu jaribu stesheni yenye tarakimu mbili zinazofanana, 22 kwa mfano. Baadhi ya mitambo hutumia ishara inayobadilika kidogo kila kitufe kinapobonyezwa upya. Nakala haibadiliki, kwa hiyo mtambo hudhani kidole hakijanyanyuka na kusoma 2 moja. Ukikuta hivyo, tumia mshale wa stesheni.

Rimoti za televisheni janja zenye kitufe cha sauti kwa kawaida husafirisha maneno kwa Bluetooth, na ishara ya namna hiyo rimoti ya kufundishwa, inayotumia mwanga, haiwezi kuinakili. Simu zenye taa ya rimoti, kama Redmi nyingi, ni msaada mzuri wa dharura, lakini simu ikitoka nyumbani, watoto na mama mkwe wanabaki wakiitazama televisheni iliyozimwa.

Kwa hiyo usiitupe rimoti iliyopasuka maadamu vitufe vyake vingine bado vinaitika. Ibebe unapokwenda dukani, pamoja na betri mpya, mwombe fundi akufundishie hapo hapo, na mkubaliane kabla ya kulipa kwamba ikikataa nyumbani utairudisha.