Fundo la Mshipi Angani

Antena ya setilaiti ndogo za vyuo vikuu mara nyingi hukatwa kwenye futi ya chuma, ile ile ya fundi seremala inayojikunja yenyewe. Inapendwa kwa sababu haichoki: ikunje wiki, ikunje miezi, ukiiachia inanyooka palepale. Kwa mawimbi ya megahezi 437, yanayotumiwa na setilaiti nyingi za aina hii, kipande cha sentimita 17 hivi kinatosha. Hulazwa ubavuni mwa setilaiti na kufungwa kwa uzi wa nailoni, jamii ya mshipi wa kuvulia samaki. Uzi huo hugusana na waya mwembamba. Setilaiti ikishafika angani, betri huupasha waya moto, uzi unayeyuka, antena inachomoka.

Usilidharau fundo hilo. Likilegea, antena itajifungua mapema na kuikwamisha setilaiti ndani ya kasha la kuiachilia. Uzi usipogusana na waya sawasawa hautakatika, na kazi ya miaka itazunguka dunia ikiwa bubu. Tena uzi uliokatika vizuri mezani unaweza kugoma kwenye baridi kali, maana betri ikipoa hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo wanafunzi hufunga, huunguza, hufunga upya, chumbani, kwenye jokofu, kisha ndani ya tangi lililonyonywa hewa. Ukiwaangalia kwa nusu saa utadhani hawana kazi ya maana.

Kipimo cha setilaiti hizi kiliwekwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari wa California Polytechnic na Bob Twiggs wa Stanford: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uzito wa kilo moja hivi. Walitaka mwanafunzi aunde chombo cha angani kabla hajahitimu. Kwangu mimi, ustadi wao mkubwa ulikuwa kwenye kasha la kuachilia kuliko kwenye setilaiti yenyewe. Kasha likiwa moja kwa wote, mwenye roketi hana haja ya kujua ndani mna nini, mradi vipimo vimekubali.

Mlango huo ndio Chuo Kikuu cha Nairobi kilioupitia. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, JAXA, walianzisha mpango wa KiboCUBE, na mwaka uliofuata Nairobi ikawa ya kwanza kuchaguliwa. Mpango huo haugharimii kuunda setilaiti, unagharimia safari. Katika kuunda, Nairobi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, na Waitalia si wageni Kenya: jukwaa lao la San Marco, baharini karibu na Malindi, ndilo lililorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka chumba cha Kibo cha Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Guatemala ilifuata mwaka 2020, Mauritius 2021.

Kabla setilaiti yoyote haijarushwa kuna meza ya mtetemo, inayoiga mtikisiko wa roketi. Hapo skrubu iliyokazwa nusunusu hujitangaza. Kuna pia joto na baridi vinavyopokezana huko angani kila dakika 90 hivi, vikiivuta lehemu huku na huku hadi ipasuke kama iliwekwa ovyo. Gundi nayo huchaguliwa kwa makini. Nyingine hutoa mvuke pasipo na hewa na kuitia ukungu lenzi ya kamera. Na baada ya kuachiliwa, setilaiti hutakiwa kukaa kimya dakika 30 bila kufungua antena, isije ikamdhuru aliyeibeba. Nusu saa hiyo, nasikia, ni ndefu kuliko mwaka wa mitihani.

Wafadhili hupenda kugharimia kinachopigwa picha. Ningekuwa mwenye kuandika bajeti ya fedha za kuanzia za chuo, ningeanza na vitu vya kuharibiwa: marundo ya uzi, futi za chuma, betri za kuzimwa kwa baridi, bodi za sakiti za kuunguza, na mshahara wa fundi mmoja mzee wa kulehemu, wa kumwambia kijana afumue aanze tena.