Shaka ya Hadhira katika Ngonjera

Msimulizi wa hadithi haanzi mpaka aitikiwe. "Paukwa!" husema; na isiposikika "Pakawa!" iliyo thabiti, hujua kwamba wasikilizaji bado hawako pamoja naye. Tangu hapo huzisoma nyuso zao, akarudia, akafupisha, akajibu swali. Hivyo ndivyo fanani na hadhira wanavyoondoleana shaka.

Ngonjera ilikusudiwa kazi iyo hiyo. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeivumisha, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilienea sana shuleni. Mmoja huuliza asilolijua, mwingine humweleza, mwishowe wakapatana. Umbo hili ni zuri. Lakini yafaa tujiulize: shaka inayoondolewa pale jukwaani ni ya nani?

Tuitazame Handeni, nchi ya Wazigua, ambako mvua si ya kutegemewa na njaa imepita mara nyingi. Wakulima wa huko hupenda mahindi. Wataalamu, hasa tangu kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974, wamehimiza mtama na muhogo. Basi wanafunzi wakitunga ngonjera juu ya mtama, asiyejua wao hudai tu kwamba ugali wa mahindi ni mtamu zaidi. Katika ubeti wa pili huelezwa. Katika wa tatu amekwisha kutubu! Mkulima aliyeketi mbele yao hakuwa na shaka hiyo hata kidogo. Anajua kwamba mtama hustahimili jua. Linalomkaa moyoni ni ndege: nani atawafukuza shambani mtama unapokomaa, ikiwa watoto wako shuleni wakikariri ngonjera? Swali hilo halimo katika beti. Hata hivyo atapiga makofi, kwani wasemaji ni wanawe, nasi tutayahesabu makofi hayo kuwa ni kukubali.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliitambua hatari hii. Redio haina masikio. Kwa hiyo watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Mtunzi wa shuleni naye aende kwanza shambani kuuliza, ndipo amtungie asiyejua maneno yake. Na ikiwa jawabu la swali la ndege halijapatikana, asimlazimishe kushindwa katika ubeti wa mwisho.