Usawa, Mvutano na Mzunguko: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Fizikia

Katika uundaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili, jitihada kubwa imetumika kutafuta majina, na jitihada ndogo kuchunguza iwapo jina lililopatikana lamsaidia mwanafunzi kufikiri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Walakini fizikia katika shule za sekondari za Kenya ingali ikifundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu anapolazimika kuifafanua kwa Kiswahili, hushika neno lililo karibu. Makala haya yanahakiki maneno matatu ya namna hiyo, yaani usawa, mvutano na mzunguko, na yanadai kwamba udhaifu wake haumo katika mizizi ya maneno bali katika mnyambuliko.

Mfano mzuri wapatikana Kilimani, magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, ambako nyumba za zamani zenye bustani pana zimekuwa zikiondolewa ili kupisha majumba ya ghorofa nyingi. Huko kreni za mnara ni jambo la kila siku. Kreni ya namna hiyo ina mkono mrefu wa kubebea mzigo na mkono mfupi wa nyuma uliopakiwa mapande mazito ya zege. Na ichukuliwe kwamba mzigo wa tani 2 unaning'inia mita 30 kutoka mnarani, na mapande ya tani 6 yako mita 10 upande wa pili. Uzito wa mikono yenyewe uachwe kando. Mbili mara thelathini ni sitini, na sita mara kumi ni sitini. Kreni imetulia.

Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba hali hiyo ni "usawa" atatafuta vitu viwili vilivyo sawa, na hatavipata. Mizigo si sawa, wala umbali si sawa. Kilicho sawa ni mazao ya kuzidisha, na juu ya hayo mnara sharti uhimili tani zote 8. Hapana budi masharti mawili yatimie pamoja: kani zisiwe na salio, na uwezo wa kani hizo kuzungusha usiwe na salio. Tena, mzigo ukishateremshwa, mapande ya nyuma hubaki peke yake, na kreni haianguki, kwa kuwa mnara na msingi wake huyapinga. Pande mbili za mkono hazilingani hata kidogo, lakini hali inayotafutiwa jina ingalipo. Usawa ni sifa ya vitu vinavyolingana. Msawazo, kutokana na kitenzi chenye dhana ya kusababisha, ni matokeo ya kani kadhaa kusawazishwa, hata zikiwa tatu au kumi. Neno hili si geni, na ndilo lifaalo.

Neno la pili lina hatari nyingine. Kiambishi -an- katika "mvutano" ni cha kutendana, nacho huleta picha ya watu wawili wanaogombea kamba. Mzigo wa tani 2 ukining'inia bila kusogea, huivuta kamba chini kwa kani ya nyutoni 20,000 hivi, na kreni huivuta juu kwa kiasi hicho hicho. Mwanafunzi mwenye picha ya mashindano huwaza kwamba kamba ina 40,000, au kwamba haina kitu kwa sababu wavutaji wametoka sare. Yote mawili ni makosa; jibu ni 20,000. Aidha, "mvutano" limetengana kwa kiambishi kimoja tu na "uvutano" wa dunia. Kinachotakiwa ni jina la hali ya kamba yenyewe, nayo lugha inayo: kamba hukazwa au hulegea. Mkazo wa kamba ni istilahi bora. Wanaisimu watasema kwamba mkazo ni mali yao, lakini hakuna atakayechanganya mkazo wa silabi na wa kamba.

"Nguvu ya mzunguko" ndiyo iliyopotoka zaidi. Kwanza, si nguvu, bali ni zao la kani na umbali wake kutoka kwenye egemeo, nayo hupimwa kwa nyutoni mita. Pili, mzunguko ni tendo la kitu kinachozunguka, ilhali katika maswali haya hakuna kinachozunguka. Kutohoa "momenti" kuna heri moja, kwamba neno halidanganyi. Lakini pia halifundishi. Kitenzi zungusha kingeweza kutoa "mzungusho", ambamo -sh- inabeba kisababishi hata pale tendo lisipotokea.

Hoja hizi si za darasani tu. Katika kazi za ujenzi Nairobi, mhandisi hufanya hesabu kwa Kiingereza, na maagizo mengi huwafikia vibarua kwa Kiswahili. Istilahi mbovu hapo ni hatari. Wala wafanyakazi si watu wasio na dhana. Mvuta mkokoteni hupanga mzigo juu ya magurudumu mawili mpaka mikono ya mkokoteni iwe myepesi kuishika. Ukilemea nyuma humwinua, ukilemea mbele humchosha. Mwenyeji wa pwani aliyebeba mzegazega husogeza mti begani ili mzigo ulio mzito ukaribie bega. Wote wawili wanajua kwamba uzito peke yake si kitu mpaka ijulikane umekaa wapi.

Kwa hiyo, kabla istilahi haijasanifiwa, yafaa ipimwe kwa swali halisi lenye tarakimu. Ikiwa neno lamwongoza mwanafunzi kwenye jibu lisilo sahihi, basi hata likiwa fasaha namna gani, halijawa istilahi.