Nani Ameshika Kasia Katika Safari za John Muir?

Neno letu "safari" limefika mbali kuliko wengi wetu tunaojifunza lugha hii. Kusini-mashariki mwa Alaska, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima juu ya misonobari na mierezi iliyoota hadi ukingoni mwa bahari, kumekuwa na meli ndogo za watalii zilizopewa majina ya Safari Endeavour, Safari Quest na Safari Explorer. Hubeba abiria wachache na kujipenyeza katika mikono myembamba ya bahari ambamo meli kubwa haziwezi kugeuka. Abiria hukaa sitahani na darubini zao wakitafuta dubu, sili na nyangumi.

Sina ugomvi na majina hayo, maana neno likiazimwa halipungui kwa mwenyewe. Linalonishughulisha ni kilichodondoka njiani. Safari katika maandishi yetu ya zamani ina watu: kiongozi wa msafara, wapagazi, machifu wanaodai hongo, watu wanaougua na kugombania posho. Safari ya kitalii ina wanyama, na mtu anayewatazama. Kwa hiyo nilirudi kwenye kitabu kimojawapo kilichowafundisha wasafiri namna ya kuitazama pwani ile, nacho ni Travels in Alaska cha John Muir, nikitaka kujua watu walitolewa wapi.

Muir alizaliwa Scotland mwaka 1838, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 1879 alipanda meli hadi Fort Wrangell, na mwezi Oktoba akaingia katika mtumbwi pamoja na S. Hall Young, mmisionari wa Kipresbiteri, wakaelekea kaskazini hadi Glacier Bay, ghuba ya mito ya barafu. Alirudi mwaka 1880 na tena 1890. Alifariki Desemba 1914 akiwa bado anakiandika kitabu, nacho kikatoka 1915. Mwaka huohuo Young alitoa chake, Alaska Days with John Muir. Mtumbwi mmoja ukazaa vitabu viwili, vyote viwili vya abiria.

Wenye kazi katika safari ya kwanza walikuwa Watlingit wanne. Toyatte, mtu mzima wa ukoo wa heshima wa Stikine, ndiye aliyekuwa nahodha na mwenye chombo. Kadachan alikuwa mwana wa chifu wa Chilkat. Stickeen John alikalimani, na Sitka Charley aliwahi kuwinda sili katika ghuba ile ya barafu alipokuwa mvulana. Hili la Charley tulishike vizuri, kwa sababu Muir husifiwa mara nyingi kuwa aliigundua Glacier Bay. Kitabu chake mwenyewe kinaonyesha kwamba alielekezwa.

Kwanza nimpe Muir haki yake. Waandishi wengi wa safari huichukia mvua. Yeye huipenda, na mapenzi hayo ndiyo yanayokibeba kitabu. Usiku mmoja wa dhoruba huko Wrangell alipanda kilima peke yake, akawasha moto mkubwa katikati ya miti iliyolowa, ili aone tu jinsi miti inavyocheza na upepo. Kwingine anasimulia maji yanayong'aa usiku, na samoni wakipita ndani yake kama moto mweupe. Hahesabu wanyama kama karani wa bandari. Anakulowesha, anakutia baridi, kisha anakuonyesha. Ningependa sisi wanafunzi tunaoandika insha za "mandhari nzuri ya kuvutia" tujifunze hapo.

Lakini uangalie huo moto tena. Mwanga wake ulionekana mawinguni, na Watlingit wa mjini wakaingiwa na hofu, wakaomba wamisionari wasali ili ishara hiyo iondoke. Muir anakisimulia kisa hiki akicheka. Hajiulizi waliona nini. Vivyo hivyo ndani ya Glacier Bay, msimu ukiwa umeharibika na barafu ikitishia kuuponda mtumbwi, wenzake walimwuliza Young huyu bwana anatafuta nini huko juu. Walipojibiwa kwamba anatafuta maarifa, wakasema basi lazima ni mchawi. Msomaji hucheka pamoja na mwandishi. Mimi naona hoja ya Toyatte ilikuwa na uzito wote: mtumbwi ni wake, majira ya baridi yanaingia, na mtu anayeuhatarisha hana cha kupoteza ila daftari. Muir aliwatia moyo kwa hotuba kuhusu bahati yake njema, nao wakakubali kuendelea. Toyatte alisema kwamba hata chombo kikivunjika, atakuwa na wenzi wazuri wa kwenda nao ahera. Jibu hilo linaipita hotuba.

Kila nilipoweka alama pembeni mwa ukurasa, mara nyingi maneno yaliyonigusa hayakuwa ya Muir. Aliuliza kwa nini mbwa mwitu hawajawamaliza kulungu visiwani, akajibiwa na wenzake kwamba mbwa mwitu wana akili, hawawezi kuua chakula chao chote. Mmoja wa wapiga makasia alipompiga risasi shakwe bila sababu, nahodha wa safari ya pili alimkemea kuwa ataleta nuksi, naye akajitetea kwamba kutojali uhai amejifunza kwa Wazungu. Muir anaeleza hapo kuwa kabla ya wageni kuja, Watlingit waliona ni kosa hata kuwasema vibaya samaki na wanyama wanaowalisha. Falsafa ambayo wasomaji wa Marekani waliipokea kama ya Muir ilikuwa ikizungumzwa kando ya moto wake na watu waliompikia. Sisemi aliiba. Alikuwa nayo yake kabla hajafika. Nasema alikutana na watu wanaoijua kwa muda mrefu zaidi, na akaandika kana kwamba wanamwunga mkono tu.

Ukurasa ambao ningemfanya kila mwanafunzi ausome ni wa kijiji cha kale cha Stikine karibu na Wrangell. Watu wameshahama, miti imeota juu ya nyumba na juu ya nguzo za ukoo zilizochongwa. Muir anavutiwa sana na ustadi wa nyumba zile. Akiwa huko na kundi la wamisionari waliokuja kwa meli, msomi mmoja wa kundi hilo akaamuru sanamu ikatwe kwenye nguzo na kupelekwa melini. Kadachan, ambaye nguzo hiyo ilihusu ukoo wake, akamkabili na kumwuliza angejisikiaje kama Mtlingit angekwenda makaburini kwao, akavunja jiwe la familia yake na kuondoka nalo. Wasomaji wa Kenya watavikumbuka vigango vya Wamijikenda, vilivyong'olewa na kuuzwa hadi makumbusho ya Marekani.

Muir analiandika swali hilo kwa uaminifu na, naamini, kwa aibu. Lakini mwaka 1899 alikuwa tena kwenye pwani ileile, safari hii mgeni wa tajiri wa reli Edward Harriman ndani ya meli George W. Elder, pamoja na wanasayansi na wasanii wengi. Karibu na mwisho wa safari walifika kijiji cha Watlingit cha Cape Fox wakakikuta hakina watu. Wakapakia nguzo na vitu vingine, vikagawanywa kwenye makumbusho. Mwaka 2001, zaidi ya miaka mia moja baadaye, vilirudishwa kwa wazao wa wenyewe. Travels in Alaska kinaishia 1890, kwa hiyo safari ya Harriman haimo. Najua mwandishi hakuwahi hata kukikamilisha kitabu. Bado, msomaji anayejua historia hiyo hawezi kumsikia Kadachan bila kusikia pia misumeno ya Cape Fox.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga: tusimhukumu mtu wa karne ya 19 kwa mizani ya leo. Kubali. Mizani ninayoitumia ni ya Kadachan, na Kadachan ni mtu wa 1879. Imo ndani ya kitabu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi kuliko nguzo. Toyatte aliuawa kwa risasi Januari 1880 katika vurugu zilizozuka Wrangell kati ya watu wake na kundi kutoka kwingine, ugomvi uliochochewa na pombe. Muir alirudi mwaka huo na kumkosa. Anamsifu, anamwita mtukufu, kisha mtumbwi mwingine unaondoka na nahodha mwingine. Safari hiyo ya pili ilikuwa na mbwa mdogo wa familia ya Young aliyevuka daraja jembamba la barafu nyuma ya Muir, wote wawili wakanusurika. Mbwa huyo alipata kitabu kizima, Stickeen, cha mwaka 1909, na hadi leo ndiye kiumbe anayejulikana kuliko wote waliosafiri na Muir. Jina lake, kwa taarifa yako, ni jina la watu wa Toyatte.

Hapa ndipo mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka Göttingen mwaka 1901, unapofaa kuwekwa mezani. Humo yumo Salim bin Abakari, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller. Mkusanyo huo una kasoro zake: Velten ndiye aliyechagua na kuhariri, na wasimulizi walijua fika kwamba msomaji wao wa kwanza ni Mjerumani mwenye mamlaka. Hata hivyo mtumishi anasema. Nchi ya baridi inatazamwa na mtu aliyebeba mizigo, na bwana wake ndiye anayekuwa mhusika mdogo. Jaribu kuwazia kitabu cha namna hiyo kutoka kwa Stickeen John, mkalimani, ambaye kila neno la Muir na kila neno la Watlingit lilipita kinywani mwake. Sisi tunaosomea lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kumtafuta.

Tena si suala la vitabu pekee. Barafu ilisonga katika karne ya 18 na kuwafukuza Wahuna, ambao ni Watlingit, kutoka makao yao ndani ya Glacier Bay. Muir alipofika, barafu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma sana. Eneo likatangazwa hifadhi mwaka 1925, likawa hifadhi ya taifa 1980, na kwa miongo mingi Wahuna walikatazwa kuokota mayai ya shakwe kama walivyofanya mababu zao. Sheria ya kuwaruhusu ilipitishwa 2014. Nyumba yao ya ukoo ilizinduliwa kwenye ufuko wa ghuba hiyo mwaka 2016. Kwa sisi tuliokulia Uganda habari hii si ngeni. Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa waliondolewa msituni, na mgeni anayekuja kuwaona sokwe anaambiwa huu ni msitu wa asili.

Nimejaribu kutafsiri kurasa chache za Muir kwa ajili ya kundi letu la usomaji, nikakwama kwenye neno analolipenda kuliko yote kwa mahali pale. "Pori" linasema hapalimwi wala hapakaliwi. "Nyika" inaleta ukame, na pale mvua haikatiki. Nimeweka "msitu" na kuacha hivyo, kwa sababu msitu wa Kiswahili unaweza kuwa na njia, mizinga ya nyuki na mwenyewe. Na pale anapowaita wenzake kwa jina ambalo kamusi zetu hulitafsiri "Wahindi Wekundu", nimeandika Watlingit, na pale anapotaja mmoja wao bila jina, nimehesabu nani alikuwa mtumbwini siku hiyo na kuwaorodhesha pembeni.