Udi Unapoachwa Peke Yake

Sisi wapenzi wa mashairi tuna deni kwa wapigaji wa ala, na deni lenyewe hatujalikiri. Katika mikesha ya taarab hapa Unguja, bashraf inapofungua shughuli ndio wakati wa kutafutana viti, kusalimiana na kuuliziana habari za wagonjwa. Sauti ya mwimbaji ikiinuka ukumbi hunyamaza; ubeti ukigusa, watu huinuka kwenda kumtunza. Mpiga udi kutunzwa katikati ya taksim, mimi sijaona hata siku moja. Hudhaniwa kuwa ala haisemi kitu, kwamba kazi yake ni kuyatayarisha masikio kwa maneno yajayo.

Bashraf ni utungo uliokwisha pangwa: ina vipande vyake na kipokeo kinachorudi, asili yake ni Uturuki, nayo ilitufikia kwa njia ya Misri. Husimuliwa kuwa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Taksim ni jambo jengine. Hapo ngoma hunyamaza, mpigaji huachwa na maqam yake, na anachokitoa hakijaandikwa popote. Aghalabu huanzia chini, hupanda, hutembelea maqam ya jirani, kisha hurudi nyumbani. Njia hii mafundi wote wanaijua; tofauti iko katika mwendo wa mtu ndani yake.

Basi mtu huyu hupata wapi cha kusema? Jibu la haraka ni “moyoni”, nalo ni jibu la uvivu. Sikiliza fidla. Upinde hauhitaji kuvuta pumzi, na fundi akitaka anaweza kuiunganisha sauti kwa muda mrefu kuliko kifua cha mwimbaji yeyote. Hata hivyo fidla ya taarab yetu, inapopiga taksim, hukatika pale ambapo mwimbaji angekata: kauli fupi, kituo, kauli ya kuijibu, kituo kirefu zaidi. Naamini sababu haiko mbali. Mpigaji huyu amekesha umri wake akijibu beti za watu. Baada ya kila kipande cha shairi yeye hupokea, hata mizani ikamkaa mkononi. Akiachwa peke yake, mkono haujui kwenda ila kwa vipande na vituo. Kinachomsukuma ni ushairi, ingawa pengine mwenyewe hakumbuki ni shairi gani.

Nilitaka hoja hii ienee kwa ala zote, ganuni ikanikatalia. Sauti ya uzi wa ganuni haidumu, kwa hivyo fundi huirudiarudia upesi kwa mikono miwili ili ionekane inaendelea. Nyuzi zake ni zaidi ya 70, nyingi zimefungwa tatu tatu kwa sauti moja, na vile vichuma vya kugeuzia sauti huinuliwa na kulazwa hali muziki unaendelea. Nikimsikiliza Rajab Suleiman, aliyesifika katika Culture Musical Club na baadaye akaanzisha kikundi chake cha Kithara, simsikii mwimbaji aliyejificha. Namsikia mtu anayefikiri kwa vidole, ambaye uzi mmoja humwonyesha uzi wa pili. Kwa hiyo kuna mtunzi anayechochewa na neno alilolisikia, na kuna anayechochewa na chombo alichokipakata. Nisingependa kumweka mmoja juu ya mwenzake.

Ninayemlalamikia ni wa tatu, anayechochewa na santuri ya mtu mwengine. Wapiga udi wetu wengi waliwasikiliza mabingwa wa Misri redioni, akiwemo Farid al-Atrash na taksim zake ndefu, na kuiga ni chuo kizuri. Lakini anayetupa kila usiku njia ile ile, na kushusha pumzi mahali pale pale, ameghani tu cha mwenziwe. Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyeishi Mombasa, naye aliwasikiliza Waarabu. Udi wake lakini haukusahau ngoma za kwao.

Na taksim, tofauti na shairi, haina karatasi ya kukimbilia. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, upande mmoja wa santuri ulichukua kiasi cha dakika tatu. Taksim iliyonyooka haienei humo. Siku hizi kipimo hicho hakipo, mkasi umebaki. Zamani kidogo nilinunua kanda ya wimbo ambao nilikuwa nimeusikia kwenye mazoezi, ukifunguliwa na mzee mmoja wa fidla kwa taksim ya bayati, na ile robo sauti ambayo kinanda cha kawaida hakina. Kwenye kanda, mzee hayumo. Wimbo unaanza na dumbak. Nilipomuuliza aliyeitoa, alinijibu kuwa watu hununua maneno.

Mzee yule ameshatangulia mbele ya haki. Maneno ya wimbo ninayo, beti zote sita, nimeyaandika kwa mkono wangu. Taksim yake huijaribu kwa mluzi nikiwa njiani. Nafika pale ilipogeuka kuingia hijaz, napotea.